Mashimoni Hapana Kitu

Barua ya mradi ilisomwa Ijumaa baada ya sala, barazani kwa Sheha Gharib, na Sheha hajafika nusu yake Tabia alikuwa ameshajua kwamba balaa hili linamwangukia yeye. Mradi utajenga tuta la mawe kuukata mto wa Kidundoni karibu na unapoingilia baharini, ili maji ya chumvi yasipande tena kwenye mabonde ya mpunga na visima vya kijiji. Hapo watu wote waliitikia kwa kuridhika, maana mwaka wa sita huu kijiji kizima kinakunywa chai ya chumvi na sabuni haitoi povu. Lakini Sheha aliendelea kusoma. Tuta litajengwa mahali panapoitwa Mashimoni, ambapo vipimo vya chini ya maji vimeonesha kuwa sakafu ya mto ni tambarare na hapana kitu. Kijiko cha kuchimbia na malori yatafika baada ya wiki nne.

Wanawake waliokaa kwenye jamvi ndani ya mlango walitazamana. Mashimoni palikuwa na mashimo ishirini na saba, na kila shimo limejaa makumbi ya nazi. Yalifukiwa topeni tangu masika, yakakandamizwa kwa mawe yasije yakaelea, na maji ya bahari yalikuwa yakiyapitia mara mbili kila siku, yakiyaozesha taratibu. Kumbi likifukuliwa kabla ya miezi minane ni gumu, halipigiki. Likifika wakati wake linatoa nyuzi laini, na nyuzi hizo ndizo kamba. Manne katika mashimo yale yalikuwa ya Tabia. Mpunga wa mumewe ulikwisha kuuliwa na chumvi misimu mitatu nyuma, kwa hiyo nyumba ile, yeye, mumewe Shaame na binti yao Bashira, ilikuwa ikila kamba. Na kamba za mwaka huu zilishaagizwa zote na hoteli moja ya Mbweni, ya kusukia vitanda vya wageni wanaopenda kulala walivyolala babu zetu.

"Hapana kitu," alirudia Bi Mize polepole. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa Mashimoni, na alianza kufukia makumbi pale kabla Sheha hajazaliwa. "Wamepima kwa macho ya nani hawa?"

Tabia alikuwa akimtafuta mumewe miongoni mwa wanaume barazani, kwa sababu mwezi uliopita, boti ya vipimo ilipokuja, mwenyeji aliyechukuliwa kuiongoza alikuwa Shaame. Akamwona. Shaame alikuwa ameinama anakaza kamba za viatu vyake, na alichovaa ni makubadhi.

*

Tabia alijizuia mpaka wakafika nyumbani, na kujizuia kwenyewe kulimtoa jasho. Alitia maji kwenye birika, akalitenga jikoni, akavuta kibao akakaa. Kisha akauliza kwa upole ambao Bashira aliutambua mara moja, akatoka uani akaenda zake kwa jirani.

"Baba Bashira. Siku zile tatu za boti, Mashimoni mlipapima?"

Shaame alianzia mbali. Alieleza kidude cha manjano kilichofungwa ubavuni mwa boti, namna kinavyopeleka sauti mpaka chini, sauti ikagonga sakafu ya mto ikarudi, na mashine ikahesabu imechukua muda gani, ikajua kina. Alieleza boti inavyokwenda na kurudi, ukingo huu mpaka ule, mtu akidhani inalima matuta. Alieleza Injinia Jamil wa mjini alivyokaa chini ya mwavuli na kompyuta mapajani. Tabia alikuwa ameshaisikia hadithi hiyo mpaka basi. Kwa mwezi mzima hapakuwa na mtu Kidundoni ambaye hakusimuliwa. Akauliza tena, maneno yale yale.

"Hatukupapima," Shaame alisema mwishowe.

Kisa chenyewe kilitoka vipande vipande. Boti haiwezi kuingia mtoni mpaka maji yaanze kujaa, kwa hiyo siku ya kwanza waliingia baada ya adhuhuri, na walipokaribia Mashimoni wanawake walikuwa bado wamo ndani ya maji wanamalizia kupanga mawe, kanga wamezifunga juu ya magoti na wengine juu zaidi. Shaame alifanya anavyofanya mwanamme yeyote wa Kidundoni aliyelelewa akaleleka. Aligeuza uso, akakohoa, akamwambia nahodha apite ukingo wa pili. Wanaume wa Kidundoni hawapiti Mashimoni wanawake wakiwa kazini, hawasimami pale, na wala hawapazungumzi. Hapana aliyeiandika sheria hiyo, na hapana aliyewahi kuivunja. Injinia Jamil, ambaye hayajui hayo, akauliza pana nini pale.

"Ukamwambia nini?"

"Nlimwambia hapana kitu. Tope tu."

"Kwa nini hukumwambia pana mashimo ya makumbi?"

"Ntamwambiaje? Angesema twende tukayaone. Nimpeleke mwanamme wa mjini, na miwani yake, akawatizame wake za watu mapaja nje? Na weye ukiwemo?"

Walikusudia kurudi maji yakishajaa na wanawake wakishatoka. Lakini maji yalijaa wao wako juu kabisa ya mto, na walipoteremka yalikuwa yanapwa, boti ikaogopa kukwama. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu Injinia alisema haidhuru, pengo ni dogo, kompyuta italijaza kwa kuangalia vipimo vya huku na huku.

"Kwa hiyo umenionea haya," Tabia alisema.

"Nimekusitiri."

"Umenisitiri mpaka kwenye ramani simo."

Shaame alisema atakwenda kuzungumza na Sheha. Tabia akamuuliza atazungumza nini, yeye ambaye mbele ya mwanamme mwenziwe neno makumbi halimtoki. Birika lilichemka, chai ikapikwa, na siku hiyo Shaame aliinywa na chumvi yake yote bila kukunja uso.

*

Sheha Gharib hakutaka kuandika barua. Alikwisha kutia sahihi kwamba Mashimoni hapana kitu, kwa maneno ya Shaame, na kuandika tena kwamba pana kitu ni kuwaambia wakubwa kwamba yeye haijui shehia yake. Alimwambia Tabia haya kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma, akampa na nasaha ya kusubiri. Tabia akamshukuru, akatoka, akateremka Mashimoni, akafukua kumbi moja. Alilifunga kwenye kipande cha gunia, akalizungushia kanga kuukuu, akalitia kikapuni, na Jumatatu asubuhi akaenda nalo mjini.

Ofisi ya mradi ilikuwa Vuga, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao. Mlinzi alimsimamisha hajakanyaga ngazi ya kwanza.

"Mama, umebeba nini humo? Mbona kama kuna kilichokufa?"

Kumbi la miezi mitano topeni linanuka, na Tabia, aliyeishi na harufu ile maisha yake yote, hakupata kuifikiria mpaka alipoona mlinzi amebana pua. Alisema amebeba ushahidi. Mlinzi akasema ushahidi ule haupandi juu. Kikapu kibaki nje pale penye pipa, au wabaki wote wawili. Walibishana kidogo, watu wawili watatu wakapunguza mwendo kutazama, na Tabia akaona bora akiache. Alikiweka mbali na pipa kadiri alivyoweza, paka wawili wakaja kukinusa wakaondoka.

Juu alikaa kwenye benchi kutoka saa tatu mpaka karibu na adhuhuri. Msichana wa mapokezi alitaka barua ya Sheha. Akaelezwa kwamba Sheha amekataa. Akasema basi na arudi kwa Sheha. Baadaye, alipomwona bado amekaa, alimuuliza yeye ni nani pale Kidundoni, ana cheo gani, yumo kwenye kamati ya maji au vipi. Tabia alisema yeye ni mwenye mashimo. Msichana akatazama kompyuta yake muda mrefu, akasema hakuna orodha ya wenye mashimo.

Injinia Jamil alitokea akielekea kusali, na Tabia akasimama mlangoni kiasi kwamba ilikuwa ama amsikilize ama amsukume. Alikuwa kijana mpole. Alipotajiwa Kidundoni uso ulimchangamka, akamsifu Shaame, mzee mzuri, anaujua ule mto wote, wamefanya naye kazi vizuri sana. Tabia akasema ndiye mumewe.

Ramani ilikuwa ukutani, kubwa kiasi cha mlango, ina buluu na kijani na manjano. Tabia aliingia mto ule tangu ana miaka tisa na bado hakuutambua mpaka alipooneshwa mkandaa mkubwa uko wapi na jiwe la ng'ambo liko wapi. Buluu ni kina kirefu, Jamil alieleza, manjano ni kifupi. Mto wote ulikuwa na madoa na mikunjo, isipokuwa Mashimoni, ambapo palikuwa na kipande cha manjano kisafi, hakina hata doa moja.

"Hapa ndipo pazuri kuliko kote," Jamil alisema. "Ndiyo maana tumepachagua."

"Hapo mlipima?"

Jamil alitaka kusema ndiyo, ilionekana. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alirudi kwenye meza, akabonyeza, na juu ya picha ya mto zikatokea nyuzi nyembamba, kila uzi ni njia iliyopita boti. Zilijaa mto mzima, huku na huku. Mashimoni haukuwepo hata mmoja.

"Hapa kompyuta imekadiria," alisema.

"Imekisia."

"Imekisia kitaalamu, mama."

"Baba, mie hapo nna mashimo manne. Wenzangu wana ishirini na matatu. Yapo hapo tangu bibi zetu, hata mwaka mmoja hayajawahi kukaa matupu. Na nyie mnataka kuyamwagia mawe kwa kuwa kompyuta imekisia hapana kitu."

Jamil alivua miwani. Alisema, bila ubishi, kwamba yeye aliuliza. Alimuuliza mzee Shaame kwa mdomo wake, na mzee Shaame akasema hapana kitu. Kwa nini mtu mzima aliyeaminiwa aseme hivyo?

Tabia alifungua mdomo amjibu, na hapo, mbele ya kijana wa watu anayeweza kuwa mkwewe, akagundua kwamba hata yeye jambo hilo halisemi. Kanga, magoti, mapaja, maneno hayo hayakuwa na njia ya kupita. Alisimama pale amekasirika na mumewe, amekasirika na nafsi yake, na mwishowe akasema, "Kwa sababu ni mtu mwenye adabu."

Jamil alisubiri maelezo zaidi. Mtu aliyecheka alikuwa mwanamke mmoja kwenye meza ya pembeni, wa makamo, ambaye muda wote huo hakunyanyua uso kwenye karatasi zake. Huyo alikuwa Bi Ruqaya, na mama yake, ilivyodhihiri, alisuka kamba.

"Wanawake walikuwa majini, Jamil," alisema. "Wamejifunga za kazi. Umefahamu sasa?"

Jamil alifahamu, maana aliivaa miwani, akaivua tena, akasema wacha akawahi sala. Bi Ruqaya akavuta kalenda. Bamvua linalofuata, maji yanapojaa kuliko siku zote, ni Alkhamisi wiki ijayo. Atakuja mwenyewe na boti, na atahitaji mtu wa kumwonesha shimo baada ya shimo. Tabia alisema mtu huyo yupo. Aliteremka ngazi moyo umemtulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akakuta kikapu hakipo. Mlinzi akamwambia watu wa usafi wamepita, wamekichukua pamoja na taka.

*

Alkhamisi ile wanawake wa Mashimoni walitoka majini mapema, jambo ambalo halijapata kutokea kwa ajili ya mtu yeyote, wakakaa ukingoni kutazama. Shaame alikwenda shamba tangu alfajiri, shamba ambalo miaka mitatu sasa halina kitu cha kuangalia. Tabia alivishwa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa juu ya baibui lake, na Thuwaiba, ambaye shimo lake linapakana na lake, akapiga vigelegele vya kejeli mpaka Bi Mize akamkanya. Tabia alicheka pia. Kwa kweli alifurahi. Maisha yake yote alipaona mahali pale kutoka chini, tope likiwa magotini, na leo alikuwa juu yake, anaonesha.

"Hili la Thuwaiba. Hili la Bi Mize. Haya mawili ya watoto wa marehemu Bashira, ambaye mwanangu kapewa jina lake. Na hili langu, na langu, na langu, na langu."

Bi Ruqaya aliandika yote, jina kwa jina. Boti ilikwenda na kurudi, kidude cha manjano kikituma sauti yake, na kwenye kioo mashimo yakajitokeza mojamoja. Kisha Bi Ruqaya akasema wapime na ulaini wa chini, kwa sababu sauti inagonga juu ya tope na haijui tope lenyewe limekwenda mpaka wapi. Nahodha akatoa ufito mrefu wa chuma wenye alama. Mahali pengine popote mtoni ufito uliingia kiasi cha mkono ukagota. Mashimoni uliingia, ukaingia, mpaka nahodha akainama na maji yakamlowesha bega.

Bi Ruqaya alimfanya nahodha achome hapa, kisha pale, akifuata mstari. Aliuliza mashimo ya zamani yalikuwa wapi. Tabia akamweleza, hana analolificha. Mabibi walianzia kule chini, karibu na bahari. Lakini kumbi lililolowa ni zito na njia ya kulibeba ni ndefu, kwa hiyo kila kizazi kilisogeza mashimo yake juu kidogo, kuelekea kijijini, na yale ya zamani yakaachwa yajae tope. Mama zao walisogeza, na wao wakasogeza. Alieleza huku akiutazama ufito unavyozama kila mahali alipopataja, kutoka mdomo wa mto mpaka chini ya njia ya visimani, na kabla hajamaliza sentensi yake ya mwisho sauti ilikuwa imempungua.

"Hili la juu kabisa," Bi Ruqaya alisema. "Limechimbwa lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na visima viliingia chumvi lini?"

Tabia alisema hakumbuki vizuri. Alikumbuka vizuri sana.

*

Wiki haikumalizika Bi Ruqaya alirudi na ramani nyingine, akaitandaza barazani kwa Sheha, watu wakaizunguka wanaume huku na wanawake huku. Kile kipande cha manjano hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na mstari wa buluu uliokoza, uliotoka baharini ukapanda moja kwa moja kuelekea visimani. Alieleza kwa maneno mepesi. Mashimo ya miaka yote yale yameungana chini kwa chini yakawa mfereji wa tope laini, na chumvi inapita humo hata maji yakiwa yamepwa. Tuta lingejengwa kwa ramani ya kwanza lingekaa juu ya tope, lingezama, na chumvi ingeendelea kupita chini yake. Sasa tuta litabaki hapo hapo, lakini kijiko kitachimba kwanza kutoa kila kitu mpaka kufika pagumu. Makumbi yanaweza kufukiwa upya nje ya tuta, kule chini walikoanzia mabibi. Mradi utasubiri siku tisa.

"Tungepoteza kazi yote bure," alimalizia. "Tunamshukuru sana Bi Tabia."

Tabia hajapata kushukuriwa hadharani maishani mwake, na angetoa chochote ili isiwe siku ile. Sheha alitikisa kichwa kwa heshima, kama kwamba yeye ndiye aliyemtuma Vuga. Thuwaiba hakungoja hata wageni waondoke.

"Ungekaa kimya wewe, wangetumwagia mawe yao na sie tukadai fidia. Sasa tudai kwa nani? Sie ndo tuliovitia chumvi visima. Imeandikwa, na majina yetu yamo, umeyataja moja moja."

Wanawake wengine walikunja jamvi bila kumpa upande wa kushika. Bi Mize peke yake alimtazama. Bi Mize alijua kila shimo limechimbwa na nani na mwaka gani, hakuhitaji ramani. Alimtazama, kisha akajifunga mtandio wake akaenda zake.

Nyumbani Shaame alikuwa mtu mwingine. Tangu barua isomwe alitembea ameinama, na leo alikaa kitako kwenye kitanda cha barazani, akaweka mguu juu ya mguu.

"Kumbe ni nyie," alisema. Akatulia, akairudia, maana ilimpendeza. "Chumvi yote hii, mpunga wote ule, kumbe ni nyie na mashimo yenu. Na mie n'navyosimangwa hapa kwamba nimesema hapana kitu."

Tabia alikuwa na jawabu. Angeweza kumwambia shimo la juu kabisa alichimba nani, na kwa nini. Mwaka ule mimba yake ya mwisho ilitoka kwa kubeba makumbi, na akaapa kwamba hatoyabeba tena mbali. Shaame aliijua mimba. Shimo hakulijua, kwa sababu mambo ya Mashimoni hayazungumzwi na wanaume. Badala yake alimwambia habari nyingine: siku tisa, mashimo manne, kila shimo makumbi elfu na zaidi, yote yafukuliwe, yabebwe topeni mpaka kule chini kwa mwendo wa nusu saa, yafukiwe tena kabla hayajakauka, na mikono ni miwili. Yakikauka yakiwa nusu yameoza, nusu mabichi, hayafai hata kuwashia moto.

Shaame akashusha mguu. Alisema atatafuta vibarua.

"Vibarua wa kike wote wana mashimo yao. Wa kiume hawashuki."

"Bashira je?"

"Bashira ana mitihani."

Shaame alikuna kidevu, akatazama paa, akatazama mlango. "Mie siwezi kushuka Mashimoni, Mama Bashira," alisema. "Unajua."

"Najua," Tabia alisema, na akaingia ndani kulala mchana mweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mwali.

*

Siku ya tatu, maji yakiwa yamepwa hasa na jua limeshapanda, Tabia alikuwa amemaliza shimo moja na robo ya la pili. Alianzia chini, kwenye yale ya karibu na bahari, akajiambia kwamba njia yake ni fupi zaidi. Mgongo ulikuwa haunyooki. Wanawake wote walikuwepo, kanga zimefungwa za kazi, kila mmoja amezamia shimo lake, hakuna anayeimba. Thuwaiba alikuwa hatua kumi kutoka kwake na alikuwa hajamsemesha tangu barazani.

Aliyeona kwanza ni Bi Mize. Alisimama wima, akashusha kanga yake mpaka miguuni ndani ya tope, na wengine wakageuka kuangalia anachokiangalia. Shaame alikuwa anateremka njia ya visimani. Suruali ameikunja mpaka magotini, amebeba jembe na matenga mawili, makubadhi hayamo miguuni. Hakugeuza uso wala hakukohoa. Kanga zikashuka Mashimoni kote, moja baada ya nyingine.

"Shaame bin Ubwa," Bi Mize alisema, na alilitaja jina la baba yake kwa makusudi. "Huoni haya?"

"Naona, Bi Mize," Shaame alisema. "Shikamoo."

Bi Mize alimwacha na shikamoo yake mkononi muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Halafu akaitikia marahaba, akainama, akarudi kwenye makumbi yake. Shaame aliingia topeni. Tope la Mashimoni lina namna yake ya kukanyagwa ambayo wanawake wanajifunza utotoni, na yeye hakuijua. Hatua ya tatu alizama mpaka pajani, akaegemea jembe, akajitoa, akazama tena. Thuwaiba alianza kucheka, akaziba mdomo. Tabia hakucheka. Alitaka kumwambia arudi alikotoka. Alitaka kumwambia kwamba siku tisa zimebaki sita, na kwamba kama angelisema neno moja tu kwenye ile boti yasingefika haya. Aliyatafuta maneno mabaya kuliko yote aliyokuwa nayo, na uchovu ukamtangulia.

Shaame alisimama katikati, tope limemfika kiunoni upande mmoja, anahema. Mbele yake palikuwa na marundo ya mawe ishirini na kitu, na machoni mwake yote yalikuwa sawa. Alitazama hili, akatazama lile. Miaka ishirini na mbili ya ndoa alivaa na kula kutoka mahali pale. Uso ulimwiva, na haikuwa kwa jua.

"Yetu yepi?" aliuliza.

Tabia alinyoosha mgongo. Wanawake wote walikuwa wameacha kufukua. Alipangusa mikono kwenye kanga, akaonesha kule juu, chini ya njia ya visimani, kwenye shimo ambalo kwa siku tatu alikuwa amelipa kisogo.

"Anza na lile la juu kabisa," alimwambia, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Lile ndilo langu. Nimelichimba mie."